Moja kwa Mwaka

Siku ya mia mbili na kumi na moja.
Tartu, ghorofa ya nne, Februari,
baridi inang'ata hadi mizizi ya meno.
Bi Urve ametimiza sabini na tatu
na ananigongea ukuta kwa kisigino cha kiatu:
"Kaupo, njoo roshani. Imefika siku yangu."

Siku yake: hununua pakiti nzima,
huchomoa sigara moja, huivuta hadi kishungi,
kumi na tisa zilizobaki huwapelekea
madereva wa basi namba saba pale chini,
kisha hunawa mikono, akakata keki ya iliki.
Miaka thelathini na mmoja sasa.
Namwonea wivu kama mlevi anavyomwonea
mtu aachaye glasi ikiwa nusu.

Mimi ni fundi wa piano.
Naujua uzi uliokaa umelegea miaka:
unaukaza leo, unaitika vizuri,
unalipwa, unafunga mkoba, unaondoka,
na usiku, bila kuguswa na mtu,
unateremka taratibu kule ulikozoea.
Si ubaya wake. Unakumbuka tu.
Ndiyo maana piano moja huirudia mara tatu,
na wateja hudhani nawaibia.

Pakiti imekaa juu ya ukingo wa roshani,
mdomo wazi,
kumi na tisa zimejipanga kama watoto wa kwaya
wakisubiri nipandishe mkono.

Na ile sauti, laini, yenye adabu zake:
moja tu. Hii si kuvuta, ni kumheshimu mzee.
Ijumaa tu.
Harusini tu.
Nikimaliza piano kubwa ya ukumbini tu.
Nikigombana na Maarja tu.

Ee "tu", kaneno kadogo usikokaogopa!
Mwaka juzi nilikakaribisha mwezi wa kwanza,
kufika Pasaka nilikuwa naokota vishungi
kwenye chungu cha maua cha jirani,
navianika juu ya hita, kimoja kimoja,
nimevaa tai.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu, siku ya tatu, jembe alinipa mimi,
na shamba lilikuwa kifua changu.

"Nishikie kibiriti, upepo huu."
Njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili.
Ya tatu, viganja vyangu vikajikunja vyenyewe
kuuzunguka moto, kama bakuli,
kama havijawahi kuacha.
Moshi ukapita chini ya pua yangu
na, sitadanganya, nikavuta hewa.
Nusu pafu.
Je, hiyo inahesabiwa?
Kwenye kalenda nimeweka alama ya kuuliza,
ndogo, kwa penseli.

"Bi Urve, unawezaje? Moja, halafu basi?"

Akapuliza kuelekea mtoni, mto wenyewe barafu.
Hakunigeukia.
"Basi?" akasema. "Nani kakwambia basi?
Naivuta siku moja.
Mia tatu sitini na nne naiwaza.
Nimezika mume nikiiwaza."

Tukanyamaza.
Nilikuwa nimebeba wivu wa miaka sita,
sikujua niuweke wapi.
Pumzi yangu ikatoka nyeupe, yake ikatoka nyeupe,
ungetutazama kutoka barabarani
usingejua nani anavuta.

Akasonya, akazima, akashika goti.
"Ngazi zina barafu," akasema. "Nipelekee wewe."

Sasa nimesimama kituoni,
pakiti iko mfuko wa ndani, upande wa moyo,
haina uzito hata wa barua.
Basi namba saba limechelewa dakika nne.
Kumi na tisa. Nimezihesabu.
Kule konani hakuna taa bado.
Nimezihesabu tena.